Ua wa Msuko

Ukisafiri kutoka Matulo kuelekea Kitale utaona nyua za kila namna: kayaba yenye miiba, misaiprasi iliyopunguzwa ikanyooka kama ukuta, mabati, na siku hizi mawe. Zote zinaanzia chini. Jirani akipandisha ghorofa moja juu ya duka lake, dirisha lake linaangalia uani kwako, na kayaba ya mita mbili haikusitiri tena. Hapo unahitajika ua unaoanzia juu.

Watunza bustani wa Ulaya wanao. Hupanda miti kwa mstari, huyaacha mashina wazi hadi karibu mita mbili, kisha huyalaza matawi kwenye nyaya zilizofungwa kwenye nguzo na kuyapishanisha, la mti huu na la mti ule, mpaka yafanye pazia jembamba la majani. Tawi linalotokeza mbele au nyuma hukatwa. Waingereza wana neno lao kwa kazi hii, na asili yake ni Kilatini, plectere, yaani kusuka.

Kwa Kiswahili napendekeza ua wa msuko. "Ua hai" ni jina pana mno, maana kayaba nayo ni hai. "Ukuta wa miti" unataja matokeo na kuificha kazi. Kusuka kunasema kila kitu: matawi, kama miyaa ya ukili, hupita juu na chini ya mengine, na husukwa yangali laini, yakikomaa huvunjika.

Ufundi wenyewe ni mkongwe. Mwaka 57 KK, Julius Caesar alipopigana na Nervii, kabila lililoishi hasa katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, alieleza jinsi walivyokata miti michanga na kuipinda, wakachanganya matawi yake na miiba, hata mtu asiweze kupita wala kuona ng'ambo. Ule ulikuwa ua wa vita, kama ilivyokuwa ya vita ngome ya Wabukusu pale Chetambe, Webuye, iliyoshambuliwa na Waingereza mwaka 1895. Ua wa bustani unatafuta faragha tu.

Mti gani, basi? Msaiprasi nisingeuchagua, ingawa ndio uliozoeleka. Ukiukata hadi kwenye sehemu iliyokomaa isiyo na majani hauchipui tena, na kidukari wake, aliyeingia Kenya mwaka 1990, amekausha nyua nyingi. Bora jamii ya mikuyu, hasa ule ambao Waganda huuita mutuba na kutengeneza nguo kwa gome lake. Kigingi chake kikichomekwa ardhini wakati wa mvua huota, na matawi mawili yakibanwa pamoja kwa muda hushikana yakawa mwili mmoja. Msuko wake hujifunga wenyewe.

Ila mizizi ya mikuyu hutafuta maji kwa nguvu. Iwe mbali na msingi wa nyumba, shimo la choo na kisima. Na kwa kuwa huku hakuna majira ya baridi kali ya kuisimamisha miti, mpogoaji wa Matulo atashika makasi mara nyingi kuliko mwenzake wa Ulaya, hasa mvua ndefu zikikolea, chipukizi zinapokimbilia juu badala ya kufuata waya.