Kuvilia damu ovyo: Kabla ya kununua vitamini, hesabu dawa unazomeza

WATU wengi huamka asubuhi na kukuta alama nyeusi au ya zambarau kwenye paja, mkono au mguu bila kukumbuka walijigonga wapi. Wapo wanaodhani wamechezewa na wachawi usiku, wapo wanaoamini kuwa damu yao imechafuka, na wapo wanaokwenda moja kwa moja katika duka la dawa kununua vidonge vya vitamini.

Kitaalamu, alama hiyo ni damu iliyovilia chini ya ngozi, na mara nyingi haina madhara. Hata hivyo, inapojitokeza mara kwa mara bila sababu inayoeleweka, inaweza kuwa ishara ya upungufu wa lishe, athari ya dawa au ugonjwa unaohitaji matibabu ya haraka.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba baadhi ya vidonge vinavyonunuliwa ili kujenga mwili vinaweza kuwa ndivyo vinavyosababisha alama hizo.

Jinsi damu inavyovilia

Mtu anapojigonga, mishipa midogo kabisa ya damu iliyo chini ya ngozi hupasuka, na damu husambaa katika nyama zilizo jirani. Kwa kuwa ngozi haikuchanika, damu hiyo haina pa kutokea, hivyo hubaki na kuonekana kama doa.

Mwili una ngome tatu za kuzuia damu isivuje. Ya kwanza ni kuta imara za mishipa. Ya pili ni chembe sahani, yaani chembe ndogo sana zilizomo katika damu ambazo hukimbilia penye tundu na kushikamana ili kuliziba. Ya tatu ni protini za kugandisha damu, ambazo nyingi hutengenezwa na ini.

Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000 katika kila maikrolita moja ya damu. Idadi hiyo ikipungua sana, au chembe hizo zikishindwa kufanya kazi, hata kugusana kidogo na ukingo wa meza huweza kuacha alama kubwa.

Damu iliyovilia huvunjwavunjwa na mwili taratibu. Ndiyo maana alama hubadilika kutoka rangi nyekundu au ya zambarau kuwa ya kijani, ya manjano na ya kahawia, kisha hutoweka, kwa kawaida ndani ya wiki mbili hivi.

Kwa watu wenye ngozi nyeusi, mabadiliko hayo hayaonekani kwa urahisi. Mara nyingi sehemu iliyoumia huonekana tu kuwa nyeusi zaidi kuliko ngozi inayoizunguka. Hivyo ni vyema kupapasa ili kujua kama pamevimba au pana maumivu, na kuangalia viganja, nyayo na ndani ya mdomo, mahali ambapo madoa ya damu huonekana vizuri zaidi.

Umri nao una nafasi yake. Kadiri mtu anavyozeeka, ngozi huwa nyembamba na mafuta yanayoikinga mishipa hupungua, ndiyo maana wazee wengi huwa na madoa kwenye mikono. Wanawake pia huvilia damu kwa urahisi kuliko wanaume.

Vitamini C na machungwa ya Malindi

Vitamini C huusaidia mwili kutengeneza kolajeni, protini inayozipa ngozi na kuta za mishipa uimara wake. Mtu akiikosa kabisa kwa muda wa mwezi mmoja hadi mitatu, huanza kuugua kiseyeye: fizi huvimba na kutoa damu, vidonda haviponi, na damu huvilia hasa miguuni.

Pwani ya Afrika Mashariki imo katika historia ya ugonjwa huo. Mabaharia wa Vasco da Gama, waliovuka kutoka India kati ya Oktoba 1498 na Januari 1499, walikaa baharini karibu miezi mitatu. Fizi na miguu yao ilivimba, na wapatao 30 wakafariki. Walipofika Malindi, waliomba machungwa kwa ajili ya wagonjwa wao.

Ilichukua karne mbili na nusu kabla ya jambo hilo kupimwa kwa utaratibu. Mwaka 1747, James Lind, tabibu wa jeshi la majini la Uingereza, aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye katika makundi sita ya watu wawili wawili na kulipa kila kundi tiba tofauti. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu haraka kuliko wote.

Leo ugonjwa huo ni nadra, lakini haujatoweka. Walio katika hatari ni wazee wanaoishi kwa chai na mkate, walevi wa kupindukia, na wagonjwa wanaokula aina moja tu ya chakula kwa muda mrefu. Wavutaji wa sigara nao huhitaji vitamini C nyingi kuliko watu wengine.

Kiasi kinachopendekezwa nchini Marekani ni miligramu 90 kwa siku kwa mwanamume na 75 kwa mwanamke. Pera moja la wastani hutosheleza mahitaji hayo, kwani gramu 100 za mapera huwa na zaidi ya miligramu 200. Machungwa, mapapai, maembe, pilipili hoho na mboga za majani pia ni vyanzo vizuri, ingawa mboga zikichemshwa kwa muda mrefu hupoteza sehemu kubwa ya vitamini hiyo.

Kwa mtu anayekula matunda kila siku, kumeza vidonge vya vitamini C hakutarajiwi kuondoa madoa, kwa kuwa upungufu wa vitamini hiyo sio chanzo cha tatizo lake.

Vitamini K haipungui ovyo

Vitamini K huliwezesha ini kutengeneza protini za kugandisha damu. Iligunduliwa na Henrik Dam wa Denmark, baada ya kuona vifaranga waliolishwa chakula kisicho na mafuta wakivuja damu chini ya ngozi. Kwa ugunduzi huo alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943 pamoja na Mmarekani Edward Doisy.

Mahitaji ya mtu mzima ni kati ya maikrogramu 90 na 120 kwa siku. Nusu kikombe cha sukuma wiki iliyopikwa huzidi kiasi hicho mara kadhaa, na mchicha pia una vitamini K kwa wingi. Kwa hiyo mtu mzima anayekula mboga za majani ni nadra kupungukiwa.

Upungufu huwapata zaidi wenye maradhi ya ini, ya nyongo au ya utumbo yanayozuia mafuta kufyonzwa, pamoja na waliotumia antibiotiki kwa muda mrefu huku hawali vizuri. Watoto wachanga huzaliwa na akiba ndogo sana ya vitamini hiyo, na ndiyo sababu hupigwa sindano ya vitamini K mara baada ya kuzaliwa.

Upungufu mkubwa wa vitamini B12 au wa foliki asidi nao huweza kupunguza chembe sahani. Vitamini B12 hupatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa, na foliki asidi katika maharage na mboga za majani.

Dawa zinazoongoza

Mara nyingi chanzo cha tatizo kwa watu wazima huwa katika dawa kuliko katika chakula. Dawa ya kwanza kufikiriwa ni aspirini. Kidonge kimoja huzidhoofisha chembe sahani kwa muda wote wa uhai wake, yaani siku saba hadi kumi, mpaka mwili utengeneze nyingine. Ibuprofeni na diklofenaki, zinazotumiwa sana kwa maumivu ya mgongo na viungo, nazo huzuia chembe hizo, ingawa kwa muda mfupi zaidi.

Dawa nyingine ni warfarini, wanayopewa wagonjwa wa moyo na wenye damu inayoganda ndani ya mishipa. Chimbuko lake ni ng'ombe wa Marekani na Kanada ambao, katika miaka ya 1920, walikufa kwa kuvuja damu baada ya kula nyasi zilizooza. Mwanakemia Karl Link na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin walikitambua kiini cha sumu hiyo, na utafiti huo ukazaa warfarini, iliyouzwa kama sumu ya panya mwaka 1948 kabla ya kuruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954.

Warfarini hufanya kazi kwa kuzuia vitamini K. Mgonjwa anayeitumia hapaswi kuacha mboga za majani, bali anatakiwa kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, kwa sababu dozi yake hupangwa kulingana na ulaji huo. Akiacha mboga ghafla, damu huwa nyepesi kupita kiasi. Akizizidisha ghafla, dawa hupungua nguvu.

Mgonjwa aliyeandikiwa aspirini au warfarini asiache dawa hiyo kwa uamuzi wake kwa sababu tu ameona madoa. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta kiharusi au mshtuko wa moyo.

Kundi lingine ni la steroidi. Zikitumika kwa muda mrefu, hufanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi na mishipa kukosa mhimili. Wapo wanaozipaka bila kujua, kwa kuwa baadhi ya krimu za kujichubua na mikorogo huchanganywa na steroidi kali kama klobetasoli. Mtu aliyejichubua kwa miaka mingi anaweza kuvilia damu kwa kugongwa kidogo tu.

Vidonge vya lishe navyo vimo

Wateja wengi huamini kwamba kitu kilichoandikwa kuwa ni cha asili hakiwezi kudhuru. Ukweli ni kwamba mafuta ya samaki, vitamini E, na vidonge vya kitunguu saumu, ginko, tangawizi na manjano huweza kupunguza uwezo wa damu kuganda, kwa viwango tofauti.

Watafiti wa Denmark walioichunguza jamii ya Wainuit wa Greenland katika miaka ya 1970 waliona kuwa watu hao, waliokula samaki na wanyama wa baharini kwa wingi, walichukua muda mrefu zaidi kuacha kutoka damu. Kwa mtu mwenye afya anayemeza mafuta ya samaki kwa kiasi cha kawaida, athari hiyo huwa ndogo.

Vitamini E inahitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa ikizidi huingilia kazi ya vitamini K. Katika utafiti uliofanyika Finland kwa wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000, na kutangazwa mwaka 1994, waliopewa vitamini E walikuwa na vifo vingi zaidi vya kiharusi kinachotokana na damu kuvuja katika ubongo.

Kitunguu saumu na tangawizi vinavyotiwa katika mchuzi si tatizo. Hatari huja pale dondoo zake zinapomezwa kwa dozi kubwa kila siku, na hasa zinapochanganywa na aspirini au warfarini. Kila kimoja kinaweza kuwa na nguvu kidogo, lakini athari zake hujumlishana.

Anayetarajia kufanyiwa upasuaji au kung'olewa jino anapaswa kumweleza daktari vidonge vyote anavyotumia, vikiwamo vya mitishamba. Mara nyingi hushauriwa kuacha vidonge hivyo vya lishe wiki mbili kabla. Kuhusu aspirini na warfarini, uamuzi ni wa daktari.

Homa na madoa

Katika miji ya pwani kuna sababu nyingine ya kuwa mwangalifu. Homa ya dengue, iliyoikumba Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, hupunguza chembe sahani. Mgonjwa mwenye homa kali na maumivu ya viungo anayejitibu kwa aspirini, ibuprofeni au diklofenaki huongeza hatari ya kuvuja damu. Dawa salama zaidi ya kutuliza homa hiyo ni parasetamoli, kwa kiwango kilichoelekezwa, huku akiwahi kituo cha afya.

Dalili za hatari

Daktari anapaswa kuonwa bila kuchelewa iwapo madoa makubwa yanatokea mgongoni, kifuani au tumboni bila kuumia. Kukiwa na vidoa vidogo vyekundu au vyeusi kama ncha ya sindano. Fizi au pua zikitoa damu isiyokoma. Damu ikionekana katika mkojo au choo. Au hedhi ikiwa nzito isivyo kawaida.

Hali ni hivyo hivyo iwapo madoa yanafuatana na homa, uchovu mkubwa, kupungua uzito au uvimbe wa tezi, kwani saratani ya damu na maradhi ya ini huweza kuanza kwa namna hiyo. Mtoto wa kiume anayevimba viungo na kuvilia damu tangu alipoanza kutambaa huenda amerithi himofilia.

Ndugu na majirani nao wasisahau kwamba madoa ya mara kwa mara kwa mtoto, mzee au mwanamke yanaweza kutokana na kipigo ambacho mhusika anaogopa kukitaja.

Vipimo vya kwanza si vigumu: kuhesabu chembe za damu, kupima muda wa damu kuganda, na kuangalia kazi ya ini.

Huduma ya kwanza

Desturi ya kukanda kwa maji ya moto mara tu baada ya kuumia haifai, kwani joto hutanua mishipa na kuongeza damu inayovuja. Katika siku mbili za mwanzo, atumie barafu iliyofungwa katika kitambaa kwa dakika 10 hadi 20 kila mara, na kuinua mkono au mguu ulioumia. Maji ya uvuguvugu yanafaa baadaye.

Kwa anayevilia damu mara kwa mara, hatua ya kwanza ni kuandika orodha ya kila anachomeza na kujipaka, dawa za hospitali, za dukani na za mitishamba, pamoja na vyakula alivyokula kwa wiki moja, na kwenda nayo kwa daktari. Mara nyingi orodha hiyo huonyesha chanzo hata kabla ya damu kupimwa.