Gari mseto la kuchaji na stika ya njia ya abiria wengi

Kwenye barabara kuu za California, njia ya kushoto kabisa mara nyingi huwa imechorwa almasi nyeupe. Hiyo ni njia ya abiria wengi: gari lenye watu wawili au zaidi, kwingine watatu, hupita humo huku dereva aliye peke yake akisota kwenye foleni. Akijipenyeza, faini haipungui dola 490. Isichanganywe na njia ya mwendokasi ya Dar es Salaam, ambayo ni ya mabasi.

Istilahi ya pili inahitaji maelezo zaidi. Mseto jikoni ni mchele na choroko chunguni. Katika gari ni injini ya petroli na mota ya umeme. Gari mseto la kawaida hujichaji lenyewe, kwa injini na kwa nguvu inayookolewa dereva akifunga breki. Gari mseto la kuchaji lina betri kubwa zaidi na kebo ya kuchomeka kwenye soketi, hivyo huweza kwenda kilomita kadhaa bila kugusa petroli. Mafundi wengine husema haibridi ya plagi, na hakuna ubaya.

Mambo hayo mawili yalikutana mwaka 2012, California ilipoanza kutoa stika za kijani kwa magari mseto ya kuchaji. Mwenye stika hiyo kwenye bampa na ubavuni aliruhusiwa kupita njia ya almasi hata akiwa peke yake.

Watu wakapiga hesabu. Prius ya kuchaji ya 2012 iliuzwa takriban dola 32,000, ya kawaida 24,000. Ondoa nafuu ya kodi ya serikali kuu, dola 2,500, na ruzuku ya jimbo, 1,500: inabaki tofauti ya 4,000. Tuseme njia hiyo inaokoa dakika 20 kwenda kazini na 20 kurudi, kwa siku 230 za kazi. Hizo ni saa 153 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu, kila saa imenunuliwa kwa chini ya dola 9, bila kuhesabu petroli. Bei nzuri kwa mtu wa Los Angeles!

Ila stika haikuuliza gari linatembea umbali gani kwa umeme. Prius hiyo ilimudu kama kilomita 18; Chevrolet Volt ya 2013 ilifika 61. Zote zilipata kijani kilekile, na hakuna aliyekagua kama kebo iliwahi kutolewa kwenye buti.

Tena ruhusa ilikuwa ya sheria, si ya gari. Stika za njano zilizotangulia, za mseto wa kawaida, 85,000, zilikoma Julai 2011. Kikomo cha stika za kijani, 40,000, kilijaa 2014, kikapandishwa mara kadhaa hadi 85,000, kisha kikaondolewa. Tarehe 30 Septemba 2025 mpango wote ukafikia ukomo, hata kwa magari ya umeme mtupu.

Kwa hiyo mnunuzi wa leo California anabakiwa na maswali ambayo stika iliyafunika: safari yake ya kila siku ni kilomita ngapi, betri inatosha kiasi gani, na kama anaishi kwenye ghorofa ya kupanga, atachomeka wapi usiku.