Muhuri Hauoni Msomaji

Mwaka wa 1931, Maktaba ya McMillan ilifunguliwa Nairobi: nguzo kubwa, simba wa mawe mlangoni, jengo la kumkumbuka Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyehamia huku. Mwaka huo huo, kule Madras, mkutubi mmoja kwa jina S. R. Ranganathan alichapisha kitabu kuhusu sheria tano za kazi yake. Jamaa alikuwa mwalimu wa hisabati kabla ya kukabidhiwa maktaba, kwa hivyo namba hazikumtisha. Lakini alichosisitiza ni kwamba kitabu hakiwekwi ili kilindwe. Kinawekwa kitumike, na kila mtu ana haki ya kupata kinachomfaa.

Nairobi ilikuwa na mawazo mengine. McMillan ilikuwa ya Wazungu, na Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo mpaka miaka ya mwisho ya ukoloni. Baraza la jiji liliichukua mwaka wa 1962. Sasa hebu fikiria hesabu za maktaba kama ile. Vitabu vilivyoazimwa vinahesabika, vilivyorudi vinahesabika, na ripoti inapendeza. Lakini Mwafrika aliyepanguza vumbi rafuni bila ruhusa ya kufungua kitabu hana safu yake. Kwa hivyo swali la nani anahesabu, na anahesabu nini, si jambo dogo la ofisini.

Mwaka wa 1965 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda shirika la huduma za maktaba la taifa. Mwaka wa 1996 shirika hilo likaanza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa, kwa wafugaji wanaohamahama. Ukifuata muhuri wa tarehe, kitabu kisichorudi siku yake kimechelewa, basi. Lakini mhudumu anayetembea na ngamia anaweza kujua mvua imenyesha wapi na familia gani imehama. Yeye ndiye wa kukwambia kama kitabu kimepotea au kimefuata mifugo, na kama mtoto aliyekiazima sasa anawasomea wenzake.

Miaka hiyo hiyo Marekani nao walikuwa wanajiuliza. Sheria ya 1993 ilizitaka idara za serikali kuu zionyeshe matokeo ya kazi zao, si shughuli tu. Mwaka wa 1996 ikaundwa taasisi ya kufadhili makumbusho na maktaba, nayo ikaanza kuwauliza iliowapa pesa: watu wamebadilika vipi? Mwaka wa 2015, chama cha maktaba za umma cha huko kikatoa hojaji fupi zinazogusa mambo manne: umejifunza kitu, umepata ujasiri, utakitumia, na sasa unazijua zaidi huduma za maktaba? Hata maktaba ndogo iliweza kuzitumia bila kuajiri mtaalamu.

Upepo huo unavuma hata huku, mara nyingi pamoja na wafadhili. Shida ni kwamba fomu inaweza kufika ikiwa imeshaiva, na mhudumu wa dawati anapewa kalamu tu. Mtu ambaye hakuulizwa lolote kuhusu fomu ataijaza Ijumaa jioni ili mdosi aridhike. Hapo takwimu zinageuka hadithi.

Nasema hivi kwa sababu najua inavyokuwa kuhesabiwa bila kuonekana. Nilipoacha chuo, nilikuwa nashinda kwenye maktaba moja ya mtaani. Daftari la mlangoni liliniandika kila siku: mtu mzima, mmoja. Mhudumu wa dawati ndiye aliyeona nimetoka kwenye magazeti, nikaingia kwenye rafu ya historia, kisha nikaanza kuandika. Siku moja akaniuliza, "Hizo unazoandika unazipeleka wapi?" Swali hilo halikuwa na safu popote, lakini ndilo lililonifanya nitume makala yangu ya kwanza.

Sisemi macho ya mhudumu yanatosha. Naye husahau, na ana wale anaowapenda zaidi. Ndiyo maana hojaji inahitajika. Ila akae mezani maswali yanapotungwa, aseme lipi halieleweki na lipi linaaibisha watu, na majibu yakishajumlishwa arudishiwe ayatumie, yasiishie kwenye ripoti ya mfadhili.

Tangu 2018, shirika la Book Bunk limekuwa likifufua McMillan na matawi yake ya Kaloleni na Makadara pamoja na serikali ya kaunti. Kuta zikipakwa rangi, watu watahesabiwa tena, na ni sawa. Lakini daftari la mlangoni linajua walioingia tu. Kujua nani ameacha kuja, na kwa nini, itabidi umuulize aliyekaa dawatini.