Macho ya Kuazima

Ndondi kwenye redio ni biashara ya kuaminiana. Mpira ukikupita dakika mbili, bado utaambiwa magoli ni mangapi. Ngumi haikungoji. Mtangazaji ana raundi ya dakika tatu, kisha dakika moja ya kupumua, na wewe uliyeko Matiliku huna macho mengine ila yake.

Mchukue Bob Sheridan, Mmarekani aliyetangaza ndondi miaka mingi hadi alipofariki 2023. Oktoba 30, 1974 alikuwa Kinshasa, Ali na Foreman wakipigana. Pambano lilipangwa saa kumi alfajiri ili Wamarekani walione usiku wao. Kwa saa zetu ilikuwa kumi na mbili asubuhi, Ukambani watu washaamka kukama.

Ali, miaka 32, aliegemea kamba. Foreman, miaka 25, akamtwanga mbavu na mikono raundi baada ya raundi. Ukiangalia hivi hivi, mzee anamalizwa. Mtangazaji angesema "amekwisha", tungeamini, kumbe anayeishiwa na nguvu ni Foreman. Raundi ya nane akalala chini. Ndiyo maana mtangazaji mzuri hutaja ngumi iliyotua na iliyokingwa, basi. Hukumu huiacha ingoje kengele.

Kenya tulijifunza bei ya imani hiyo kwa njia chungu. Agosti 1, 1982, wanajeshi walimchukua Leonard Mambo Mbotela, sauti ya mpira ya Voice of Kenya, wakamlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Si kwamba wao hawakujua kusoma. Walimtaka yeye kwa sababu mtu aliyekwambia ukweli kuhusu goli, utamwamini hata akikwambia kuhusu Ikulu. Mapinduzi yalizimwa. Mbotela aliendelea na "Je, Huu ni Ungwana?" mpaka uzeeni, na alipofariki Februari 2025 nchi nzima iliomboleza sauti.

Siku hizi tuna video, na watangazaji wengi wameacha kutuonyesha. Wanatupigia kelele tu, kila ngumi ni ya karne. Mimi nina mtihani wangu. Pambano likianza nageuza simu uso chini, nasikiliza raundi moja. Ikiisha kama sijui nani amepigwa wapi, huyo si mtangazaji. Ni shabiki aliyepewa maiki.