Kusasisha programu dhibiti ya ruta

Kusasisha programu dhibiti ya ruta ni kazi ya kuweka toleo jipya la programu inayoendesha ruta, yaani kifaa kinachounganisha nyumba, shule au ofisi na intaneti. Programu hiyo huhifadhiwa katika kumbukumbu isiyofutika umeme unapozimwa. Matoleo mapya hutolewa na mtengenezaji, mara nyingi ili kuziba mianya inayoweza kutumiwa na wadukuzi. Ruta inaweza kujisasisha yenyewe, au mtu huingia katika ukurasa wa mipangilio na kupakia faili kwa mkono.

Hatari kubwa ya kusasisha kwa mkono ni kusahau. Watu wengi hawajaufungua ukurasa huo tangu siku ambayo fundi aliwafungia ruta. Mfano unaojulikana ni ule wa MikroTik, kampuni ya Latvia. Mwezi Aprili 2018 ilitoa sasisho la kuziba mwanya katika mfumo wake wa RouterOS. Hata hivyo, mwezi Agosti mwaka huohuo ruta nyingi, hasa nchini Brazili, zilikuwa hazijasasishwa. Wadukuzi waliziingilia, wakazitumia kupenyeza katika kurasa za wavuti msimbo uliofanya kompyuta za watu zichimbe sarafu za kidijitali bila wenyewe kujua. Dawa ilikuwepo kwa miezi kadhaa, haikutumika tu. Kosa lingine la njia hii ni kupakia faili ya modeli tofauti, au iliyopakuliwa kutoka tovuti bandia.

Katika njia ya otomatiki, kosa la mtengenezaji huwafikia wateja wengi kwa wakati mmoja. Mwezi Mei 2023 ruta za ASUS katika nchi mbalimbali zilipoteza mawasiliano kutokana na faili yenye kasoro iliyotoka kwenye seva za kampuni. Haikuwa programu dhibiti yenyewe, lakini ilisambaa kwa njia ileile ya kujipakua. Kampuni ilikiri kosa na kuomba radhi.

Umeme ukikatika wakati programu inaandikwa, ruta inaweza kufa kabisa, isipokuwa kama imeundwa kutunza nakala mbili. Anayesasisha kwa mkono angalau huchagua saa yake. Ruta inayojisasisha huenda ikajizima na kujiwasha katikati ya mtihani wa mtandaoni.

Kwa ruta ya nyumbani, njia ya otomatiki ni salama zaidi, kwa kuwa sasisho bovu hutokea kwa nadra kuliko mwanya ulioachwa wazi kwa miaka. Hospitali au benki yenye ruta nyingi hufanya vema kujaribu toleo jipya kwenye ruta moja kwanza, ikiwa na nakala ya akiba ya mipangilio.

Njia zote mbili hazifai kitu mtengenezaji anapoacha kutoa masasisho kwa modeli fulani. Nchini Uingereza, sheria iliyoanza kutumika tarehe 29 Aprili 2024 inamtaka mtengenezaji atangaze muda ambao kifaa kitaendelea kupata masasisho ya usalama.