Kuinuka Bila Kujishika

Mtazame bibi wa Pwani akimaliza kukuna nazi. Kibao cha mbuzi anachokalia kiko chini, karibu na sakafu. Mikono yote miwili imeshika sinia ya nazi iliyokunwa, kwa hiyo akiinuka nguvu inatoka mapajani tu. Kule Dunedin, New Zealand, mtaalamu wa tiba ya viungo humfuata mzee nyumbani kumfundisha jambo hilohilo: kukaa na kuinuka bila kujishika, pamoja na kusimama kwa mguu mmoja, kufunga uzito kifundoni na kuunyanyua mguu. Programu hiyo, iitwayo Otago, ilijaribiwa kwa wanawake 233 wenye miaka 80 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa 1997 yalionyesha kwamba katika mwaka mmoja waliofanya mazoezi walianguka mara 88. Wenzao, waliotembelewa kwa maongezi tu, mara 152.

Kwa bibi ni kazi ya jikoni, kwa Dunedin ni zoezi, na jina lina uzito wake. Uingereza, mtafiti Lucy Yardley na wenzake waliwasikiliza wazee na kuandika mwaka 2006 kwamba wengi waliuona ushauri wa kuzuia kuanguka kuwa mzuri, ila kwa wengine, waliodhoofika kuliko wao. Palipo na desturi ya mtu kujitegemea hadi mwisho, kuukubali ushauri huo ni kama kukiri kwamba nguvu zimekwisha.

Kwetu heshima imekaa kwingine: mzee hutumikiwa. "Bibi, lete nikubebee," mjukuu anasema, na ndoo imeshamtoka mkononi. Baadaye kinaletwa kiti cha plastiki, halafu mashine ya kukunia nazi. Ni adabu njema, nami nimelelewa nayo. Lakini Mwingereza analikataa zoezi asionekane dhaifu, bibi yetu ananyang'anywa zoezi kwa kupendwa, na miguu ya wote wawili inaishiwa nguvu.

Wajapani wameukwepa mtego huo wa jina. Mwaka 1928 redio yao ilianza kupiga muziki wa mazoezi, na hadi leo mtoto na mzee hunyoosha viungo pamoja. Haitwi mtu kwa udhaifu wake. Ila mazoezi hayo ni mepesi, ilhali tafiti zinaonyesha kuwa yanayozuia kuanguka zaidi ni yale yanayoujaribu hasa usawa wa mwili. Kwa hilo mimi navutiwa zaidi na Limpopo, Afrika Kusini, kwenye timu ya Vakhegula Vakhegula aliyoianzisha Beka Ntsanwisi. Mabibi wanaitwa uwanjani kucheza mpira, na mpira unawadai wakimbie, wageuke ghafla, wasimame kwa mguu mmoja na kupiga kwa mwingine.

Aliyekwisha kuanguka aanze na mtaalamu. Kwa wengine, ndugu msomaji, kabla hujampokea bibi sinia, muulize kwanza kama anataka kupokewa. Akisema hapana, simama karibu naye, mkono wako uwe tayari, umwache ainuke.