Ukirudi Utafanya Nini?

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, nilimpigia simu dada yangu mkubwa nikiwa na habari ambayo nilidhani ingemfanya apige vigelegele. Nikamwambia nimeichoka Marekani. Nina miaka 62, nataka kurudi Sumbawanga nimalizie uzee wangu huko. Akanyamaza. Nyuma yake nilisikia mvua ikianza kupiga bati. Kisha akauliza:

"Ukirudi utafanya nini?"

"Nitapumzika, dada."

"Utapumzika ukifanya nini?"

Kusema kweli niliudhika. Wiki nzima sikumpigia. Miaka yote nimetuma ada, nimetuma bati, nimetuma rambirambi, halafu naulizwa kama kijana anayeomba kibarua! Lakini mimi nikiudhika hukimbilia vitabu, na safari hii nilikimbilia historia ya watu waliowahi kuikabili safari kama yangu, wengine wakaishia hukohuko kwetu Ufipa. Haya ndiyo niliyoyapata.

Nianze na hesabu, maana mazungumzo ya kurudi nyumbani bila hesabu ni soga la sikukuu. Niliingia Marekani mwaka 1998 kwa bahati nasibu ya viza. Naishi Columbus, Ohio, na karibu miaka yote hiyo nimefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, mara nyingi shifti ya usiku. Pointi 40 za Social Security ninazo tangu zamani. Naweza kuanza kuchukua pensheni sasa ikiwa imekatwa, au nisubiri miaka 67 niipate kamili. Pensheni hiyo itanifuata hadi Sumbawanga. Medicare haitanifuata. Bima hiyo ya wazee huanza kwenye miaka 65, na kwa kawaida matibabu ya nje ya Marekani hailipii. Kwa mtu mwenye presha kama mimi, hilo si jambo dogo.

Kuna hesabu nyingine isiyo ya fedha. Mwaka 2007 niliapa kuwa raia wa Marekani. Kwa Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995, mtu mzima akichukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine, ule wa Tanzania unakoma. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inasema asiye raia hapewi ardhi ila kwa uwekezaji. Ndiyo maana nyumba niliyoijenga pembeni ya mji, chumba kwa chumba, iko kwa jina la mdogo wangu. Siku hizi kuna mpango wa hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, na masharti yake nimeanza kuyasoma. Lakini nikishuka leo kwenye ndege pale Dar es Salaam, napanga foleni ya wageni.

Basi tukubaliane, msomaji. Kwa karatasi, mimi ni mgeni Ufipa. Swali la dada yangu ni swali ambalo uwanda ule umewauliza wageni kwa karne nyingi.

Kila Mfipa aliyekaa na wazee ameisikia hadithi ya Milansi. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, aliikusanya kwa wasimuliaji mbalimbali. Milansi ndicho kijiji cha mwanzo, makao ya ufalme wa kale. Siku moja mfalme alikwenda kuwinda. Alikuwa amemwonya mke wake kwamba wageni watakuja, asiwaachie kigoda cha ufalme. Wageni wakaja kweli, nao walikuwa wanawake, wamesafiri kutoka mbali. Mke wa mfalme akazidiwa, na mkubwa wao akakalia kigoda. Mfalme aliporudi hakushika mkuki. Aliwaachia nchi waitawale, yeye akabaki na Milansi na mlima wake, pamoja na heshima ya kuwa mwenye asili. Kizazi cha wanawake wale ndicho kilichokuwa ukoo wa Watwa, ambao baadaye uligawanyika katika falme mbili, Nkansi na Lyangalile.

Nilipokuwa mdogo nilidhani hadithi hii inamcheka mke wa mfalme. Sasa naisoma kama mkataba. Mgeni alipewa kazi kubwa, kazi ya kutawala, na mwenyeji akabaki na kitu kimoja tu ambacho mgeni hawezi kukipata kwa nguvu wala kwa fedha: kuwapo tangu mwanzo. Hakuna aliyepewa kigoda ili alale.

Wageni wa aina nyingine walifika karne ya 19. Wangoni wa Zwangendaba, waliotoka kusini kabisa mwa Afrika wakipigana njia nzima, waliingia Ufipa miaka ya 1840, na kiongozi wao akafia huko. Baada ya kifo chake walisambaratika. Wengine wakaenda kaskazini hadi Unyamwezi, wengine wakarudi kusini katika nchi ambazo leo ni Zambia na Malawi. Walikuwa na nguvu kuliko mtu yeyote uwandani, lakini baada ya muda Ufipa ilibaki na kaburi, na Wafipa wakaendelea kulima ulezi na kuyeyusha chuma katika malungu, zile tanuru ndefu za udongo.

Mgeni aliyenishika zaidi ni Adrian Atiman. Alizaliwa miaka ya 1860 karibu na Timbuktu, katika nchi tunayoiita leo Mali. Akiwa mtoto alitekwa akauzwa utumwani. Mapadre Weupe walimkomboa huko Algeria, wakamsomesha, wakampeleka Malta kusomea utabibu. Mwaka 1888 akaanza safari ya kuja huku kwetu, na mwaka 1889 akafika Karema, chini ya uwanda, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Akatibu watu, akaoa mwanamke wa huko, mtoto wao mmoja akawa padre. Alifariki mwaka 1956, hapohapo Karema. Hesabu mwenyewe: miaka 67.

Huyu alikuwa na haki kuliko wengi ya kusema "mimi nimeonewa vya kutosha, acheni nipumzike". Alinyang'anywa nyumbani kwake kabla hajaota ndevu. Hakuzijua lugha za watu wa Karema, na ngozi yake peke yake isingemfanya kuwa mwenyeji. Mmali na Mfipa hawana undugu zaidi ya Mreno na Mrusi. Alichokuwa nacho ni mikono inayojua kufunga kidonda, na kila asubuhi kulikuwa na mtu mlangoni mwenye kidonda. Leo Sumbawanga mjini kuna hospitali ya jimbo Katoliki inayobeba jina lake. Sisi watoto wa uwanda tulikua tukilitamka jina la Atiman bila kujua kwamba ni la mtu kutoka ukingoni mwa Sahara.

Nikawatazama pia Wamarekani walioikimbia nchi ninayoishi sasa wakaja kwenye nchi niliyoiacha. Tanzania ya Mwalimu Nyerere, hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, iliwavuta Wamarekani Weusi wengi, na mwaka 1974 Dar es Salaam ikawa mwenyeji wa Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika. Bob Moses, aliyekuwa ameongoza kazi ya kuandikisha wapigakura Weusi huko Mississippi, alikataa kwenda vita vya Vietnam. Akapitia Kanada, kisha yeye na mkewe Janet wakaja kufundisha Same, Kilimanjaro. Alifundisha hisabati. Mwaka 1976 wakarudi Marekani, na huko akaanzisha mradi wa kufundisha aljebra kwa watoto wa maskini.

Pete O'Neal hakuwa na njia hiyo ya kurudi. Alikuwa kiongozi wa Black Panther huko Kansas City, akahukumiwa kifungo kwa kesi ya bunduki, akatoroka mwaka 1970. Akapita Sweden na Algeria, na mwaka 1972 akafika Tanzania na mkewe Charlotte, ambaye watu wa Arusha wanamwita Mama C. Wakajenga Imbaseni, nje ya mji wa Arusha. Waliinua nyumba, wakalima, na baadaye wakaanzisha kituo ambacho vijana wa jirani husoma bure.

Mmoja alirudi kwao, mwingine alibaki, na kwa muda mrefu nilitafuta ni nani kati yao aliyechagua vizuri. Nimeacha. Ninachokiona sasa ni kwamba wote wawili, kama Atiman, walifika na kazi mikononi. Hakuna aliyeuliza dola moja inanunua maparachichi mangapi. Maswali yangu mimi, nikiyasoma kwenye daftari langu la jikoni, mengi yalikuwa ya maparachichi.

Sitaki kuwa mnafiki. Uzee una haki ya kupumzika, na miguu yangu inajua nimesimama miaka mingapi. Lakini nimeona pumziko kwa karibu. Kazini kwangu wazee wanalishwa kwa wakati, chumba kina joto, televisheni inaongea mchana kutwa. Kuna mzee mmoja aliyekuwa fundi bomba ambaye kila nikiingia zamu hunyanyuka kitandani anikague lile bomba la sinki kama linavuja. Halivuji. Nimejifunza kumwambia, "Hebu liangalie tena."

Kwetu nako si peponi. Jina lenyewe la mji, Sumbawanga, wazee husema maana yake ni "tupa uchawi", na mji haupewi jina la namna hiyo bila sababu. Mzee mwenye nyumba ya geti, asiyelima, asiyedaiwa wala kudai, ambaye kwenye misiba hutuma hela lakini haonekani, huyo ananong'onwa. Mimi misiba nimeikosa mingi. Baba alipofariki mwaka 2011 karatasi zangu na mfuko wangu havikuniruhusu. Nilimzika kwa simu, dada ameishikilia juu ili nisikie nyimbo. Sitasahau kwamba aliishikilia hadi mwisho, na mkono wake lazima ulimuuma.

Dada huyo ana miaka 70 sasa. Bado anatengeneza intumba, yale matuta ya kufukia majani wakati wa mvua ili yaoze yawe mbolea ya msimu unaokuja. Ndiye mweka hazina wa kikoba chao. Kwake neno kustaafu ni la walimu na maaskari. Ndiyo maana swali lake halikuwa tusi. Alikuwa ananiuliza nafasi yangu itakuwa ipi, ili ajue aniweke wapi.

Nilipompigia tena aliniambia habari za jirani yake, mama mmoja aliyepigwa kiharusi, amelala miezi minne na mgongo umeanza kutoka vidonda. Binti zake wanampenda, wanamwosha, ila wanaogopa kumgusa sana wasimuumize. Nikamuuliza, "Wanamgeuza?" Akasema, "Kumgeuza vipi?"

Jamani. Nimegeuza watu kila baada ya saa mbili kwa zaidi ya robo karne. Najua mto unakaa wapi chini ya ndama ili kisigino kisiguse godoro. Najua jinsi ya kumvuta mtu mzito kwa shuka bila kuchubua ngozi. Sikuwahi kuiona hiyo kuwa elimu. Niliiona kuwa kazi ya mhamiaji, ya kuvumilia hadi siku ya kuondoka.

Nikaanza kumweleza kwenye simu, akanikatiza. "Mimi sishiki yote hayo. Njoo uwaonyeshe."

Basi nakwenda. Sijahama, msomaji, wala sitakudanganya kwamba nimeamua. Viza ya mgeni inaniruhusu siku 90, na nimechagua Januari, mvua na matope, badala ya Julai tunapokwenda wote kupiga picha. Nitafika Tunduma na kupanda basi la Sumbawanga. Nilipoondoka, lori letu lilikwama kwenye tope kabla ya Laela tukalala hapo. Sasa ni lami, iliyojengwa kwa msaada wa Marekani, zile dola milioni 698 za mkataba uliosainiwa mwaka 2008, nami nilikuwa mlipakodi wa huko. Nikimkumbusha mdogo wangu hilo hucheka, anasema basi kilomita moja ni ya kwangu.

Tiketi ya kurudi Columbus ninayo pia. Dada ameiulizia. Nilimwambia ni ya mwezi wa nne, akasema sawa, mwezi wa nne tutaongea.